“Up”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno la herufi mbili

Ukurasa huu ni wa watu wazima wanaojifunza Kiingereza huku kazi zikiwangoja: mhudumu wa hoteli, karani, muuguzi, dereva wa watalii, mwanafunzi wa chuo anayeandika ripoti. Maswali yao mengi huanzia mahali pamoja. Mtu anavijua vitenzi vyake vizuri, “give”, “make”, “look”, “put”, kisha anakutana navyo vimefungiwa “up” mkiani, na hajui tena kinachosemwa. Si lazima usome kuanzia mwanzo. Nenda kwenye swali linalokukera.

Mwalimu, si tulifundishwa kwamba “up” ni “juu”?

Mlifundishwa hivyo na si uongo. “Look up at the sky” ni kutazama juu, “go up the stairs” ni kupanda ngazi, “hands up” ni mikono juu. Lakini hiyo ni kazi yake ya kwanza tu, ile ya mwelekeo, nayo haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni “drink up”, maana hapo kinywaji kinateremka kooni, hakipandi. Au “time is up”, ambapo muda umekwisha na hakuna kilichopaa.

Nikilazimishwa kuzipanga kazi zake nitataja tano. Ya kwanza ni hiyo ya mwelekeo. Ya pili ni kuongezeka: “prices went up”, bei zimepanda. Ya tatu ni kukamilika: “use up the sugar”, kutumia sukari hadi iishe. Ya nne ni kusogea mpaka kufika: “she came up to me”, alinisogelea. Ya tano ni kujitokeza kwa jambo au mtu ambaye hakuwapo: “he turned up at noon”, alitokea saa sita mchana. Mipaka kati ya kazi hizo haiko wazi sana, na vipo vitenzi visivyokaa kwenye kundi lolote. “Give up”, kukata tamaa, ni kimojawapo. Hicho unakimeza kama kilivyo.

Kwa nini waseme “eat up”, “cut up”, “tear up” wakati “eat”, “cut” na “tear” zinatosha?

Kwa sababu hazitoshi. Swali hili ndilo muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua “She tore the letter” na “She tore up the letter”. Sentensi ya kwanza inasema alichana barua, na huenda imechanika ukingoni tu wakati wa kufungua bahasha. Ya pili inasema aliichanachana, haisomeki tena. Umeona Kiswahili kilivyofanya? Kimerudia kitenzi. Kata vitunguu, katakata vitunguu: “cut the onions”, “cut up the onions”. Vunja, vunjavunja: “break”, “break up”. Pale Mwingereza anapotia “up” ili kitendo kienee kitu chote, sisi mara nyingi tunakirudia kitenzi chenyewe.

Tuna njia nyingine pia. Tunasema “tupa” na “tupilia mbali”, “futa” na “futilia mbali”, “potea” na “potelea mbali”. Neno “mbali” hapo halipimi umbali wowote. Hoja iliyotupiliwa mbali na mahakama haijasafiri hata hatua moja. Kazi ya “mbali” ni kusema kwamba jambo limefanyika kabisa, halirudi. Hivyo ndivyo “up” inavyofanya kazi kwenye “use up” na “dry up”. Halafu ipo “malizia”: “finish up your work” ni malizia kazi yako, na “drink up” inayosikika baa za Uingereza saa ya kufunga ni malizia kinywaji chako tuondoke.

Kwa hiyo ukikutana na “up” isiyoeleweka, jaribu kwanza kuweka “kabisa”, “yote” au “hadi mwisho”. “The well dried up”: kisima kimekauka kabisa. “Lock up before you leave”: funga kote kabla hujaondoka. “We're all booked up”: nafasi zote zimeshachukuliwa. Jaribio hili halifaulu kila mara, ila linafaulu mara nyingi kuliko “juu”.

Lakini nyumba ikiungua wanasema “burned down”. Mbona si “up”?

Kwa sababu nyumba ikiungua inaanguka chini, na Kiingereza kimeshika picha hiyo. Karatasi, mafuta au kalori “burn up”, vinateketea vikaisha. Pia utasikia “slow up” na “slow down” kwa maana ileile, kupunguza mwendo. Wala usinitafutie kanuni hapo.

“It's up to you” ni nini hasa?

Ni juu yako. Kwa mara moja lugha zote mbili zimechagua neno lilelile, na maana ni ileile: uamuzi uko mikononi mwako. Angalia tu usiichanganye na “shauri yako”. Ukimwambia mtu “shauri yako” umeshamnawia mikono, na mara nyingi kuna onyo ndani yake. “It's up to you” haina ukali huo. Bosi wako anaweza kukwambia hivyo kwa upole kabisa akikuuliza kikao kiwe asubuhi au jioni.

Kisha kuna ndugu zake, na hapa ndipo watu wanapotea. “Up to fifty people” ni hadi watu 50. “Up to now” ni mpaka sasa. “I'm not up to it” ni sina uwezo nalo au sijisikii, kwa mfano mgonjwa anapoambiwa atembee. “Are you up for it?” ni uko tayari, unataka? Tofauti ya “up to” na “up for” ni ndogo machoni, lakini moja inauliza uwezo na nyingine inauliza hamu. Halafu “What are you up to?” ni unafanya nini, salamu ya kawaida kati ya marafiki. Ukiisikia kwa sauti ya kushuku, au mtu akisema “He's up to something”, basi maana yake ni kwamba jamaa ana lake jambo.

Kwa nini “up” huwa ni kitu kizuri?

Si daima, ila mara nyingi. Mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson, wote wa Marekani, walieleza mwaka 1980 kwamba Kiingereza kinapanga mambo mengi kwa juu na chini: kingi ni juu, kidogo ni chini, furaha ni juu, huzuni ni chini, uzima ni juu, ugonjwa ni chini. Ndiyo maana “cheer up” ni changamka na “I'm feeling down” ni sina raha.

Kwenye wingi tuko pamoja nao. Bei imepanda, homa imepanda, presha imepanda, mshahara haupandi. “Speak up” ni ongeza sauti, “turn up the volume” ni ongeza sauti ya redio. Kwenye hisia tunaachana. Kwetu mtu mwenye “roho juu” hana furaha hata chembe, ana wasiwasi. Na mtu “aliyekuja juu” amekasirika. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiona “He came up to me and smiled”, kichwani inaweza kumjia picha ya mtu aliyemjia juu, kisha anashangaa tabasamu limetoka wapi. Hakuna ugomvi hapo. Alimsogelea, akatabasamu. Ukitaka kusema mtu amekuja juu kwa Kiingereza, jaribu “He got all worked up”. Hapo “up” ipo, lakini imekaa pengine.

Mwalimu alinikosoa kwa kuandika “pick up it”. Kosa liko wapi?

Mpangilio. Nomino inaweza kukaa pande zote mbili: “pick up the phone” au “pick the phone up”, zote sawa. Kiwakilishi kama “it”, “him”, “them” lazima kiingie katikati: “pick it up”, “wake him up”, “turn them up”. Sikio la Mwingereza halikubali “wake up him” hata kidogo.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida hapa kuliko anavyodhani. Sisi pia kiwakilishi tunakiingiza ndani ya kitenzi: nita-m-chukua, nime-i-pokea, u-wa-amshe. Hatumweki mkiani. Ukisema “I will pick him up”, fikiria “nitamchukua”, na “him” itakwenda mahali pake yenyewe.

Isipokuwa vitenzi vingi vya maneno matatu havipasuliwi. “Look up to her” ni kumheshimu na kumtazama kama mfano. Hakuna “look her up to”. Na ukimwondoa huyo “to” na kusema “look her up”, maana inageuka: ni kumtafuta mtu, labda umtembelee ukifika mjini kwao au umtafute mtandaoni. “Put up with the noise”, kuvumilia kelele, nayo haipasuliwi.

Kwenye “He ran up the hill” na “He ran up a bill” kuna tofauti gani ya kisarufi?

Ya kwanza ni kihusishi: alikimbia, wapi, juu ya kilima. Ya pili ni sehemu ya kitenzi: alilimbikiza deni. Unaweza kusema “Up the hill he ran”. Ukisema “Up a bill he ran” watu watakucheka. Basi, hiyo inatosha.

Ni makosa gani ya “up” tunayofanya sana Afrika Mashariki?

Mawili yananijia haraka, na yanachekesha kwa sababu yanakwenda kinyume. Moja tunatia “up” isipotakiwa, jingine tunaiondoa inapotakiwa.

La kwanza ni “cope up with”. Kiingereza sanifu kinasema “cope with”: “She is coping with the workload”. Ile “up” imetoka kwa majirani. Kuna “keep up with”, “catch up with”, “put up with”, “come up with”, zote halali, na ulimi umezizoea kiasi kwamba “cope” naye anavalishwa sare. India nako wanalisema hivyohivyo. Katika barua ya kuomba kazi, lifute.

La pili ni “pick”. Nairobi utasikia “I'll pick you at the stage” na “He's not picking my calls”. Kwa msikilizaji wa London, “pick” pekee ni kuchuma au kuchagua, kama unavyochuma embe au unavyochagua timu. Kumpitia mtu na gari ni “pick you up”. Kupokea simu ni “pick up”, au useme tu “answer”. Mimi siwezi kusema watu wa Nairobi wamekosea wanapoongea wao kwa wao. Wanaelewana vizuri kabisa, na lugha ni ya wanaoitumia. Ila ukiwa unamwandikia mgeni anayesubiriwa uwanja wa ndege, mwandikie “We will pick you up at the airport”, asije akadhani kuna mashindano ya kuchaguliwa.

“Wake up” na “get up” si zote ni kuamka?

Kwa Kiswahili ndiyo. Kwa Kiingereza “wake up” ni macho kufunguka, usingizi kukatika. “Get up” ni kutoka kitandani. Kati ya hizo mbili mtu anaweza kulala chali nusu saa akichezea simu. “I woke up at five but got up at six” ni sentensi ya kawaida sana. “Is he up?” inauliza kama ameshaamka na yuko wima. “Stay up” ni kukesha au kuchelewa kulala, na “I was up all night with the baby” anajua kila mzazi.

“Make up” ina maana ngapi?

Nyingi kiasi cha kukera, na hakuna moja inayoweza kukisiwa kutoka nyingine. Nianze na ile ya kazini. Mlangoni mwa vyumba vingi vya hoteli, Zanzibar kama kwingineko, hutundikwa kibao chenye maneno “Please make up the room”. Mgeni anaomba chumba kisafishwe na kitanda kitandikwe. Mhudumu mpya aliyeijua “make-up” ya usoni tu anaweza kusimama hapo akijiuliza chumba kinapakwaje poda.

Wawili waliogombana “made up” wakipatana. Mtoto aliyechelewa shule “made up an excuse”, ametunga kisingizio, na “a made-up story” ni hadithi ya kubuni. Mteja anayesitasita dukani anaambiwa “Make up your mind”, kata shauri. Dereva aliyekwama kwenye foleni anaendesha kasi ili “make up for lost time”, kufidia muda uliopotea. Katika ripoti utasoma “Women make up half of the staff”, yaani nusu ya wafanyakazi ni wanawake. Na mwanafunzi wa Marekani aliyeugua siku ya mtihani atapewa “a make-up exam”, mtihani wa kufidia ule alioukosa.

Njia ya kujiokoa ni kutazama kinachofuata. Ikifuatwa na “story” au “excuse”, ni kutunga. Ikifuatwa na “for”, ni kufidia. Ikifuatwa na “with” na jina la mtu, ni kupatana naye. Ikifuatwa na idadi au sehemu ya kitu, ni kuunda sehemu hiyo. “Bring up” isome kwa mtindo huohuo: ukiwa na “child” ni kulea, ukiwa na “issue” ni kuibua hoja, na muuguzi akiandika kwamba mgonjwa “brought up his lunch”, ametapika.

“Stand up” najua. “She stood me up” ni nini?

Alikuacha kwenye mataa. Mlipanga kukutana, ukafika, ukasubiri, hakutokea. Ukibadilisha mpangilio kidogo na kutia “for”, inakuwa jambo la heshima: “She stood up for me”, alinitetea. Usizichanganye kwenye hotuba ya shukrani.

Ni zipi za kuangalia adabu?

“Shut up” ni kali kuliko “nyamaza”, iko karibu na “funga bakuli lako”. Usimwambie mkubwa wako, mteja, wala mtoto wa watu. Useme “Please be quiet”. “Hurry up” nayo si tusi, ila ikitoka bila “please” inasikika kama amri kwa mtoto.

Hatari zaidi ni zile zinazobadilika bahari ikivukwa. Uingereza, hasa kwa wazee, “knock me up at six” ilikuwa nigongee mlango saa kumi na mbili uniamshe. Marekani “knock up” ni kumpa mwanamke mimba, na ni lugha ya mtaani. Mpokea wageni akimwahidi mama wa Kimarekani “I will knock you up” atajuta. “Wash up” ni salama zaidi: Mwingereza anaosha vyombo, Mmarekani ananawa mikono na uso. Ukimwomba Mmarekani “Could you wash up?” baada ya chakula, atarudi mikono misafi na sahani zikiwa palepale.

Kwa nini kukata simu ni “hang up”?

Simu za zamani zilikuwa za ukutani, na kipokezi kilitundikwa kwenye ndoano. Kukitundika ndiko kulikokata mawasiliano. Ndoano imetoweka, neno limebaki. “She hung up on me” ni amenikatia simu. Tazama ile “on me” inavyolingana na “-ia” yetu kwenye “amenikatia”: zote mbili zinasema nimefanyiwa ubaya.

Wanaopokea simu za ofisi wajihadhari na “hang on”, ambayo ni subiri, usikate. Ukimwambia mteja “Please hang up” ukidhani unamwomba angoje, umemfukuza kwa adabu.

Kwa nini treni inayokwenda London ni “up” hata njia ikiwa tambarare?

Kwa sababu kwenye reli za Uingereza “up” ni kuelekea kituo kikuu, mara nyingi London, na “down” ni kutoka huko. Mwinuko hauhesabiwi. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vina mchezo huohuo: unakwenda masomoni “up”, na ukifukuzwa “you are sent down”. Kisiwani Manhattan, “uptown” ni kaskazini na “downtown” ni kusini. Watu husema “up north” kwa sababu ramani zetu zimechorwa kaskazini ikiwa juu.

Mto unaweza kugeuza yote. Misri ya Juu iko kusini, jambo linalowachanganya wanafunzi wa historia kila mwaka, kwa kuwa Nile inatiririka kwenda kaskazini na “juu” hapo ni kule maji yanakotoka. Kwetu “upcountry” ni bara, mikoani, mbali na pwani. Na kwa anayepanda treni Mombasa kwenda Nairobi neno hilo ni la kweli kabisa, maana anaondoka usawa wa bahari na kufika zaidi ya mita 1,600.

Je, “up” imeingia kwenye Kiswahili?

Imeingia kwa mlango wa nyuma, ikiwa imeshikamana na vitenzi. Pikapu imebeba mkaa na mbuzi kwa miaka mingi, na hakuna anayefikiria “pick up” akiitaja. Daktari anakutaka uende kufanya chekapu. Bibi harusi anapakwa mekapu. Fundi wa kompyuta anakuuliza kama ulifanya bakapu kabla mashine haijafa, na wewe unatazama chini. Zote zimekaa kwenye ngeli ya I-ZI bila kelele: pikapu imeharibika, chekapu zimekamilika.

Kwenye mambo ya kompyuta tulifanya vizuri zaidi kwa kutumia maneno yetu. “Upload” tumeita kupakia na “download” kupakua, kama mtu anavyopakia mzigo kwenye lori na kupakua wali chunguni. Na “update” ni kusasisha. WhatsApp, ambayo ilianza mwaka 2009, jina lake ni mchezo wa maneno juu ya “What's up?”, ingawa kwetu imekuwa “wasap” na salamu imesahaulika.

Niandike “backup” au “back up”?

Kitenzi ni maneno mawili, nomino ni neno moja au huungwa kwa kistari. “Please back up your files”, lakini “Keep a backup”. “We set up the system”, lakini “the setup is simple”. “I will follow up”, lakini “a follow-up”. Ukiwa na shaka, ligeuze kuwa wakati uliopita: inawezekana kusema “backed up”, haiwezekani kusema “backuped”, basi ni kitenzi, liachanishe. Matamshi nayo yanafuata mkondo huo. Kwenye kitenzi mkazo mzito uko kwenye “up”: “pick it UP”. Kwenye nomino mkazo unarudi mwanzo: “a PICK-up”. Ndiyo maana pikapu yetu imetoka kwenye nomino, na sisi tukausogeza mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho kama ilivyo ada.

Na “upset”, “uproar”, “upshot”: hizo “up” zina kazi gani?

“Upset” zamani ilikuwa kuinua, kusimamisha. Leo ni kupindua, au kumkasirisha mtu. Imejigeuza yenyewe. “Upshot”, yaani matokeo ya mwisho, imetoka kwenye mashindano ya upinde, ambapo ilikuwa mshale wa kumalizia. “Uproar” ndiyo ninayoipenda. Kila mtu anadhani ina “roar”, ngurumo ya simba, kumbe imetoka Kiholanzi, “oproer”, ghasia au uasi, na hiyo “op” ndiyo “up” ya Waholanzi. Waingereza waliisikia wakaiandika kwa sura ya maneno waliyoyajua.

Ni kweli sentensi haiwezi kumalizikia kwa “up”?

Inaweza. “Wake up” inamalizikia kwa nini? Katazo hilo lilihusu vihusishi, na hata huko limeshachoka. Winston Churchill husimuliwa kuwa alilikejeli kwa kuandika kwamba huu ni upuuzi “up with which I will not put”. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba ni yeye aliyesema, lakini mzaha wenyewe unaonyesha vizuri “put up with” inavyogeuka kichekesho ukiivunja.

“Up” inaweza kuwa kitenzi?

Ndiyo. “They upped the rent”, wamepandisha kodi. Na ipo “He upped and left”, aliinuka akaenda zake, bila kuaga wala nini.

Je, ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza?

Hapana. Kwa muda mrefu taji lilikuwa la “set”, ambalo kamusi kuu ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, iliipa maana 430. Mwaka 2011 mhariri wake Peter Gilliver alieleza kwamba amehesabu maana 645 za “run” ikiwa kitenzi tu, kazi iliyomchukua takriban miezi tisa. “Up” haimo mbioni, lakini tazama ni mara ngapi inawasindikiza hao wakubwa: “set up”, “run up”.

Nitumie vitenzi hivi kwenye barua rasmi?

Kwa kiasi. Kwenye mazungumzo ndivyo vinavyokufanya usikike mtu wa kawaida. Ukimwambia rafiki “I tolerate my neighbour” badala ya “I put up with him” unasikika hakimu. Kwenye ripoti, “establish” inakaa vizuri kuliko “set up”, “increase” kuliko “go up”, “raise” kuliko “bring up”. Maneno hayo rasmi mengi yana asili ya Kilatini na Kifaransa, na tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 yamekuwa na harufu ya ofisi. Nasi tunalijua hilo: mtu huanzisha duka, lakini huasisi taifa.

Wala usijilaumu vikikuchanganya. Samuel Johnson, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na neno dogo linalofuata ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa.

Nivitafute vipi kwenye kamusi?

Usifungue “up”. Fungua kitenzi, kisha ushuke hadi mwisho wa maelezo yake, ndiko vitenzi vya maneno mawili vinakopangwa. Kamusi za wanafunzi huandika “sth” badala ya kitu na “sb” badala ya mtu, na mahali zilipo alama hizo ndipo pa kukiweka kitendwa. Ukikuta “pick sb up”, unaruhusiwa kupasua. Ukikuta “look up to sb”, usipasue. Watu wengi wanaziruka alama hizo wakidhani ni mapambo.

Mtu akiniambia “What's up?” nijibu nini?

“Not much”, basi. Ni kama “Mambo?”, hataki orodha ya mambo yako. “Fine” inaeleweka, ila inasikika kama umejibu swali jingine. Daktari akikuuliza “What's up?”, hapo sasa anataka orodha. Na kwenye usaili wa kazi usiianzishe wewe.